Habari za Mstari na Kutwaliwa kwa Suruali ya Turubai

Sogeeni, enyi mliowahi kupiga goti mkashindwa kuinuka, nanyi mnaoinuka mkishikilia meza huku mkisingizia mnatafuta kitu kilichoanguka! Sogeeni mketi, maana habari hii ni yenu. Nawaletea habari za jemadari wa brashi, mshinda kuta, mtiisha dari, aliyeitwa Mstari na wote waliopata kumwona kazini. Jinsi alivyoingia dukani siku ya Jumamosi akiwa na hofu moyoni, na jinsi alivyotoka na suruali ambayo mfano wake haujapata kuvaliwa katika mtaa ule. Nami sitatia chumvi, ila pale itakapobidi.

Jina hilo la Mstari hakupewa bure. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa akipaka rangi nyumba za watu, na katika kila nyumba vita vikuu vilikuwa mahali pamoja tu: kwenye skatingi, yaani ule ubao mwembamba unaozunguka chumba kule chini, ukuta unapokutana na sakafu. Mafundi wengine hubandika kwanza tepu ya karatasi, ndipo wapake, wabandue, wamshukuru Mungu. Yeye hapana. Yeye alipiga magoti, akashika pumzi, akavuta brashi kwa mkono mtupu kutoka kona hadi kona, na mstari ukatoka umenyooka hata ungeweza kumwaibisha mwenye rula. "Tepu," alizoea kunena, "ni ya wenye kutetemeka." Na kuhusu kinga za magoti alisema ni za mafundi wa vigae, watu wema lakini wenye anasa.

Lakini adui alikuwa amekwisha kuingia, tena hakupita mlangoni. Alipita kwenye viungo. Alianza na goti la kushoto wakati wa mvua, akalizingira, akalitwaa, na shujaa wetu akaificha habari hiyo kama mtu anavyoficha deni. Wakati huo alikuwa akipaka nyumba ya mwalimu mmoja mstaafu, mama mpole mwenye miwani. Kuta zote zilikuwa tayari na dari ziling'aa, zikabaki skatingi za sebuleni. Kila siku Mstari alimwambia mwalimu kwamba rangi ya ukutani haijakauka. Rangi ilikauka Jumanne.

Alhamisi alijikaza kisabuni, akapiga goti, akapaka hatua mbili, asiweze kuinuka. Mwalimu akamkuta yuko sakafuni kwa miguu minne.

"Fundi, kuna nini?"

"Ninaikagua sakafu yako, mwalimu, maana sakafu njema ndiyo kiti cha enzi cha ukuta."

Mwalimu alimtazama kwa muda, kama alivyowatazama wanafunzi waliodai kitabu kimeliwa na mbuzi. "Nakusubiri hadi Jumatatu, fundi. Jirani ana fundi wake, amesema anaweza kuja Jumanne kumalizia." Kisha akaongeza, bila kujua anachoma mkuki, "Nasikia anatumia tepu. Hapati shida kabisa."

Sasa mjue kwamba nyumbani kwa Mstari kulikuwa na mwenye ufalme mwingine, naye ni mkewe, fundi wa nguo, bibi wa cherehani, ambaye kwa miaka yote hiyo ndiye aliyezitibu suruali za mumewe kila ziliporudi zimejeruhiwa. Ijumaa alasiri aliinua ile ya kazi dirishani, akaigeuza mbele, akaigeuza nyuma, akakaa kimya. Kimya cha mama huyu mumewe alikiogopa kuliko ngazi mbovu.

"Baba, hii suruali imechanika wapi?"

Mstari akasimama wima, mkono kifuani. "Gotini, mke wangu, pale ambapo vita huwa vikali, pale ambapo mwanamume wa kweli huacha—"

"Goti la kulia limechanika. La kushoto kiraka changu bado kipya, hata vumbi halina. Na huku nyuma pamekwisha, naona vidole vyangu upande wa pili." Akaishusha. "Unapaka rangi umekaa?"

Jemadari akaushusha mkono wake. Angeweza kumdanganya mwalimu, angeweza kuidanganya dunia, lakini nguo ilikuwa imekwisha kutoa ushahidi, na hakimu alikuwa anaijua nguo.

"Nasota," akasema kwa sauti ndogo. "Nakaa chini nasota, ukuta mzima. Na mstari unapinda."

Alitegemea atacheka. Mkewe hakucheka, na hilo likamuuma zaidi.

"Tangu lini?"

"Tangu mvua."

"Na mimi niko humu humu ndani, hukuniambia."

"Ningekwambia nini, mama? Kwamba Mstari anasota kama mtoto anayeota meno? Nisipoweza kupiga goti mimi si fundi tena. Nitakuwa mtu wa kuwakorogea wenzangu rangi." Akageuza uso, maana machozi yalikuwa yakimlengalenga. Aliogopa, na hiyo ndiyo kweli yote.

Mkewe akaikunja suruali, akaitupa kwenye kapu la vitambaa vya kufutia. "Mimi sitii kiraka kingine. Viraka vitano juu ya goti ni kulipiga goti ngumi. Kesho tunakwenda dukani, wote wawili."

Ikawa Jumamosi asubuhi. Duka la nguo za kazi lilikuwa refu na jembamba, suruali zimening'inia darini miguu chini, na katikati yake alisimama muuzaji, mtu wa tumbo na maneno, ambaye aliwaona wakiingia akafungua mikono yake yote miwili.

"Mzee wangu! Mama! Hapa ndipo mwisho wa safari. Atokaye hapa hatafuti tena!"

Kwanza akaleta suruali ya jinzi. Mstari akaivaa nyuma ya pazia, akatoka, akasimama mbele ya kioo, akavuta tumbo ndani, akageuka kulia, akageuka kushoto, akapendezwa mno. Na hapa sina budi kulitaja kosa la shujaa wetu, kosa ambalo mafundi wote wa kazi yake hulifanya: alichagua akiwa amesimama.

"Hii inatosha," akatangaza. "Ndani yake najisikia mtu wa miaka thelathini."

"Piga goti," mkewe akasema.

"Mbele za watu?"

"Kwani skatingi unazipaka ukijitazama kwenye kioo?"

Akapiga goti. Jinzi ikamkamata nyuma ya magoti kama askari, na mahali fulani pasipotajika uzi mmoja ukalia. Ikarudishwa kwa heshima. Ikaletwa ya pili, yenye kitambaa cha kung'aa na mifuko kumi na mmoja, na muuzaji akausifu kila mfuko kwa sifa zake. Nayo ilifuatana na kinga za plastiki za kufunga kwa mikanda, ngumu, nyeusi, zenye fahari. Alipozivaa, hata mimi ningemwogopa. Lakini alipotambaa hatua tatu, mikanda ikalegea, ngao zote mbili zikakimbia vita zikajificha kwenye miundi, na kitambaa kikateleza hata jemadari akaishia chini ya rafu ya mabuti. Mteja mmoja aliyekuwa akijaribu mabuti aliinua miguu kumpisha.

"Zinagonga kama kwato," mkewe akasema. "Na sakafu ya mwalimu ni ya mbao. Hapana."

Ndipo Mstari akaiona kule pembeni, imekunjwa peke yake, rangi ya vumbi, yenye sura mbaya: suruali ya turubai. Mshono wake ulikuwa wa nyuzi tatu, magotini kitambaa kilikuwa mara mbili, na baina ya vile viwili pana mfuko uliofunguka kwa chini, wa kutia sponji nene. Hata muuzaji hakuwa na hotuba juu yake.

"Hiyo mzee wangu ni ya wachimba mitaro. Haina umbo."

Mkewe akaishika kitambaa, akakivuta huku na huku kwa nguvu zake zote, akakikwaruza kwa ukucha, akakinusa. "Hii haitoi machozi, haichaniki ovyo," akasema, na kwa mama yule hiyo ilikuwa sifa ya juu.

Akaivaa. Sponji zikatiwa zikakaa sawasawa juu ya pia za magoti, na Mstari, amesimama, akapendezwa kwa mara ya pili. Alipopiga goti, nguo ilipanda kwa kuvutwa na mapaja, sponji zikaenda zake juu, na mfupa ukaigonga sakafu kama siku zote. Uso ukamshuka. Akabaki pale chini, akaanza kusema taratibu kwamba labda basi, labda yule wa tepu naye ni mtu mzuri.

Ndipo mkewe akafanya jambo ambalo watu wa dukani walilishuhudia. Akapiga magoti naye, na gauni lake safi, katikati ya duka. Akapenyeza kiganja chake baina ya sakafu na goti la mumewe.

"Niegemee. Usinionee huruma, niegemee." Akatulia, akisikiliza kwa mkono. "Unaona? Uzito wako hauko kwenye pia. Uko chini yake, vidole vitatu." Akatoa chaki, akachora alama, akahamia goti la pili. "Mfuko nitaufumua niushushe hapa. Walimshonea mtu aliyesimama."

"Mama, nguo bado haijalipiwa!" muuzaji akalia.

"Italipiwa," akasema, na pini tatu zikawa zimekwisha kupita.

Mstari akatoa brashi kavu mfukoni, ambayo haikosekani kwake hata msibani, akatambaa kwa magoti yote mawili ukuta mzima wa duka lile, akivuta mstari usioonekana, na wanunuzi wakajibanza kumpisha. Mwisho wa ukuta akageuka, akarudi hadi alipopiga goti mkewe. Alimshika mkewe bega, mkewe akamshika kiwiko, wakainuka pamoja, wakalipa.

Jumapili cherehani ililia. Jumatatu, Mstari akaingia sebuleni kwa mwalimu, akafunika viti vilivyokusanywa katikati, akafungua kopo, akapiga goti. La kulia. Kisha, taratibu, la kushoto. Sponji zikampokea pale pale penye alama ya chaki. Akashika pumzi, akavuta. Ukuta wa kwanza ukasalimu amri, wa pili ukafuata, wa tatu ulikuwa na kona ya hila lakini ukashindwa, na ule wa nne ukamleta mpaka kwenye mlango, ambao nao alikuwa ameupaka asubuhi.

Akatazama huku na huku. Ukuta safi haushikwi kwa mkono wenye rangi, mlango mbichi, viti viko mbali. Katika vita vyake vyote hakupata kujikuta mahali ambapo hapakuwa na cha kushika.

Akaweka brashi juu ya kopo. Akaweka mguu mmoja mbele. Goti la kushoto likanung'unika, likaamriwa, likatii. Akainuka.

Alisimama hapo akitweta, akacheka peke yake, kisha akapiga simu.

"Nimeinuka."

"Umeinuka wapi?" Cherehani ilisikika ikienda.

"Hapa. Kutoka chini. Sijashika kitu, mama. Sikushika kitu!"

Basi na iandikwe, na watakaozaliwa wasomewe: ya kwamba Jumatatu ile, saa tisa na dakika ishirini alasiri, katika sebule yenye mstari ulionyooka pande zote nne, mtu mzima wa miaka hamsini na minne aliinuka kutoka sakafuni kwa miguu yake mwenyewe, na ya kwamba mitaa mitatu kutoka hapo, fundi mmoja wa nguo alisimamisha cherehani yake, akajifuta macho kwa kipande cha turubai.