Kumwondoa Rais Anayechekesha Watu Msibani

Temeke, Dar es Salaam
Machi 1955

Kwako Bwana Mhariri,

Baada ya salamu nyingi, naomba nafasi ndogo katika gazeti lako, hata ikiwa ni kule chini karibu na tangazo la sabuni. Mimi ni Adelard Kasanda, Mnyamwezi, karani wa ghala bandarini, nami nagombea urais wa Chama cha Kuzikana cha mtaani kwetu. Uchaguzi ni Jumapili ijayo, kwenye uwanja wa mpira. Rais tuliye naye, Bwana Marijani, Mzaramo muuza samaki, amekalia kiti hicho tangu vita vya pili vilipokwisha, na watu wanasema hang'oki. Mimi nasema mtu anayeshika adabu anaweza kumng'oa, na malalamiko yangu ni haya.

1. Rais huyu anachekesha watu msibani. Najua nitaambiwa ni utani, kwamba Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, na mtani ana ruhusa yake matangani. Bwana Mhariri, misafara imekwisha. Siku hizi tuna treni. Alipofariki Wilbert seremala, Mnyamwezi mwenzangu, Rais alijilaza ndani ya kaburi akakataa kutoka, eti shimo lile ni zuri kuliko chumba chake cha kupanga na yeye ndiye aliyewahi. Padri alisimama na kitabu chake mkononi, akingoja. Mjane alicheka mpaka akashika mbavu. Mjane, Bwana Mhariri!

2. Wanawake. Katika chama chetu wanawake wanapiga kura, jambo ambalo Rais alilileta bila kumwuliza mtu mzima yeyote. Sisi hupiga kura kwa kusimama mstari nyuma ya mgombea, na nyuma ya Bwana Marijani husimama akina Mwajabu na Mwamvita na kanga zao, wakiimba vijembe juu ya suruali yangu. Suruali yangu haina kosa lolote.

3. Hili linaniuma, na nitalisema. Mama yangu, Anastasia, niliyemleta kutoka Tabora ili nimtunze, ni mgonjwa tangu Krismasi, na daktari ameacha kunipa matumaini. Bwana Marijani huja kila asubuhi na kapu lake la samaki, humnyang'anya fimbo yake na kumwuliza, "We bibi, bado upo tu? Mie nimeshaitolea macho hiyo kanga yako." Naye mama, ambaye hana nguvu ya kunywa uji, hupata nguvu ya kumtukana. Wanacheka wote wawili. Mimi nikiingia na dawa, wananyamaza. Sitaki mama yangu azikwe kwa kelele na vichekesho. Nataka azikwe kwa heshima, watu wamekaa kimya kwenye mikeka. Hiyo ndiyo sababu kubwa ya kugombea kwangu, na nyingine zote ni za kuongezea tu.

4. Nilimwomba mama aniunge mkono. Alisema nimbebe Jumapili mpaka uwanjani, akasimame nyuma ya Marijani.

Sasa, je, naweza kushinda? Nimelipigia hesabu jambo hili kwa utulivu. Wanawake wakiondolewa kwenye kura, bado nashindwa. Wakiondolewa pia vijana wanaokwenda dansini, bado nashindwa. Wakiondolewa Wazaramo wote kwa kuwa wanatania, na Wanyamwezi wote kwa kuwa wanataniwa, nakaribia kabisa, ila hapo naondoka na mimi. Haki kamili, basi, ni kwamba asipige kura mtu yeyote aliyewahi kucheka msibani. Hapo tunabaki mimi na Mzee Albano, ambaye hasikii. Naomba gazeti lako litie mkazo pendekezo hili, maana sioni njia nyingine iliyo ya haki zaidi.

Nikichaguliwa, itakuwa marufuku kucheka matangani, kuimba, kuingia kaburini bila kazi maalumu, kuvaa nguo ya marehemu, na kumwiga marehemu kwa sauti au kwa mwendo.

Nisalimie wapiga chapa wote hapo ofisini, na wake zao, na wale wanaouza gazeti stesheni. Wasomaji wenye adabu nawasalimu pia, popote walipo.

Ni mimi ningojaye mageuzi,
Adelard Kasanda

Nyongeza. Barua hii nilichelewa kuipeleka posta, na sasa nakuomba usiyachape yaliyo juu. Mama alifariki Alhamisi. Watu walikuja wakakaa kimya kwenye mikeka, kama nilivyotaka. Kwa kuniheshimu, hata Bwana Marijani alikaa kimya, mikono mapajani. Ulikuwa ukimya mbaya sana, Bwana Mhariri. Sikuweza kulia wala kumeza kitu, nikawa nasikiliza nzi tu. Mwishowe niliinuka mwenyewe, nikachukua kanga ya mama na fimbo yake, nikampelekea Bwana Marijani. Aliniangalia kwanza, kama anayeuliza. Kisha akajitanda ile kanga, akainama, akaja akiburuta mguu wa kushoto kama mama alivyokuwa akiuburuta, akasimama mbele yangu na kuniambia kwa sauti ya mama, "We Adela, umekula?"

Nikacheka. Ndipo nikaweza kulia.

Jumapili tulipanga mistari. Mzee Albano alisimama peke yake upande wangu, akinitafuta kwa macho. Mimi nilikuwa nyuma ya Bwana Marijani, baada ya Mwamvita, nimeshika fimbo ya mama.