Vita vya Saady bin Lukmani dhidi ya Nukta Nane

Sogezeni vigoda, enyi wana wa Buha, na aliye na redio aizime; mwenye chungu jikoni apunguze moto, kwa maana habari ninayoileta haitaki msikilizaji mwenye akili mbili. Wengine wamewasifu majemadari waliovuka Malagarasi na mikuki begani. Mimi namtaja Saady bin Lukmani wa mjini Kasulu, Mwenye Stashahada Iliyotiwa Fremu, Bwana wa Kompyuta ya Mezani, aliyepigana na namba moja tangu Jumatatu hadi Alhamisi, akapigwa asubuhi, akapigwa mchana, na baada ya kila kipigo akatoka barazani kifua mbele kama aliyerudi na mateka.

Chanzo cha vita ni hiki. Huko Mabamba, mpakani, wakulima wa maharage hubeba magunia hadi kando ya barabara kulisubiri lori la mnunuzi, na lori lile lina tabia za mkwe tajiri: huja likitaka, na lisipokuja haliombi radhi. Basi Akimana, binti wa Kibondo, aliyesoma chuo kimoja na Saady na darasa moja, akaandika programu inayopokea taarifa ya dereva na kuwatumia wakulima ujumbe kwenye simu: leo lori linakuja, ama leo halitoki, bakini nyumbani na mzigo wenu. Programu ikafanya kazi msimu mzima kwenye laptop yake, na Mama Immakulata, mwenyekiti wa wakulima wale, akaizoea kama kengele ya kanisa. Kisha laptop ikaungua. Ikapelekwa kwa fundi, naye Akimana akaituma programu kwa Saady, mshirika wake, iendeshwe kwenye kompyuta ya Kasulu mpaka ile nyingine ipone.

"Ni kazi ya asubuhi moja," alimwambia kwa simu. "Sakinisha vifaa vya programu nilivyokutajia, washa, basi."

"Dada Akimana," akajibu shujaa, naye alikuwa amesimama, kwa kuwa maneno makubwa hayasemwi mtu ameketi, "kumwambia Saady asakinishe ni kumwambia samaki aogelee."

Tukamwona samaki akizama.

Aliketi mbele ya mashine katika chumba cha nyuma ya duka la mama yake, Bi Kuruthumu, baina ya mifuko ya sukari na katoni za sabuni. Akaalisha vidole vyake vyote vikalia, akapiga bismillahi, akaandika amri ya kwanza. Mashine ikatafakari, kisha ikamrudishia mstari mwekundu, mfupi kama jibu la karani aliyechoka: kifaa hiki kinataka Python, ile lugha ya kuandikia programu, toleo la 3.10 au la juu yake. Hapa ipo 3.8.

Ewe ulimi wangu, jizuie usitukane. Mstari ule ulitaja ugonjwa, ukataja na dawa. Lakini Saady aliusoma kwa macho ya mtu aliyepata alama ya juu ya hisabati kidato cha pili na hajapata nyingine tangu hapo. Akacheka kicheko cha wafalme.

"Mashine hii haijui desimali!" akatangaza, na sauti yake ikawafikia wateja waliokuja kununua chumvi. "Nukta nane na nukta moja sifuri, kubwa ni ipi? Nane ya kumi dhidi ya moja ya kumi! Mimi niko juu, naambiwa niko chini. Programu ya yule binti ina kasoro."

"Si umpigie umuulize, mwanangu?" akasema Bi Kuruthumu kutoka dukani.

"Mama, jemadari hamuulizi adui njia."

"Akimana amekuwa adui tangu lini?"

Lakini shujaa alikwisha kuingia vitani. Akaondoa vifaa vyote, akavirudisha vilevile, vikamjibu vilevile. Akazima mashine, akaiwasha, akaizima tena kama anayetikisa mti usio na tunda. Akaacha kile kilichoandikwa, akashusha matoleo ya kubahatisha: kifaa hiki cha mwaka juzi, kile cha juzi, kingine ambacho hata waliokitengeneza wamekwisha kukikana. Hapo ndipo maafa yalipotimia, kwa kuwa cha kwanza kilidai mwenzake awe wa zamani, mwenzake akadai cha kwanza kiwe kipya, cha tatu kikaapa hakikai nyumba moja na yeyote kati yao, wakashikana mashati ndani ya kompyuta, huku mistari myekundu ikiteremka kiooni kama siafu. Saady akawatazama, akafuta jasho, akatoka barazani akawaambia vijana wa bodaboda kwamba ushindi u karibu.

Jumatano lori likavunjika ekseli kabla ya kufika Kibondo. Dereva alituma taarifa kama kawaida yake. Taarifa ikafika Kasulu, ikaikuta programu imelala. Wakulima wa Mabamba hawakupata neno, nao wasiopata neno la kuwazuia walibeba magunia hadi barabarani, wakasubiri. Mvua ikanyesha tangu adhuhuri. Hapakuwa na turubai la kutosha.

Mama Immakulata akampigia Saady, na nyuma ya sauti yake watu walikuwa wakigombana juu ya magunia yaliyolowa.

"Ujumbe wetu uko wapi?"

Nanyi mnaonisikiliza, pimeni wenyewe uzito wa jibu la shujaa.

"Mama yangu," akanena, "nimeishika ngome hii peke yangu siku tatu. Kasoro iko katika kazi ya Akimana. Unawajua tena hawa watu wa kuja, mambo yao ni ya kuungaunga."

Akimana alizaliwa Kibondo. Waliokuja ni wazazi wake, kutoka Burundi, nao ni raia kwa cheti na kwa jembe.

"Saady," akasema Mama Immakulata, "mimi nilivuka mpaka ule nikiwa mgongoni mwa mama yangu. Maharage yangu yamelowa. Una neno jingine?"

Mama Immakulata akakata simu, akampigia Akimana, akamwambia yote.

Asubuhi ya Alhamisi Akimana akapiga. Hakusalimu.

"Nisomee kilichoandikwa hapo kwenye kioo."

"Kimeandikwa uongo."

"Nisomee huo uongo."

Shujaa akasoma, kisha akahutubia juu ya desimali, sehemu za kumi na heshima ya hisabati, hotuba ndefu iliyokamilika pande zote isipokuwa upande wa ukweli. Akimana alimwacha amalize.

"Kaka Saady, wewe umesoma madrasa?"

"Nimehitimu."

"Ukisoma sura, unaanza kufika aya ya nane au ya kumi?"

"Ya nane, bila shaka."

"Na ya kumi iko wapi?"

Saady akafungua kinywa. Enyi wana wa Buha, nimepata kuona ukuta wa tofali mbichi ukianguka masika, lakini sijaona kitu kilichoporomoka kimyakimya kama uso ule.

"Iko mbele yake," akasema.

"Ego, ndivyo. Basi hiyo nukta si ya desimali, ni kama sura na aya. Uko aya ya nane, unatakiwa ya kumi. Tangu Jumatatu umeketi hapo unawatukana waliokutangulia."

Saady akaisakinisha Python mpya, ya 3.12, na mikono yake haikuwa na madaha tena. Akauliza mashine ina toleo gani. Mashine ikajibu: 3.8.

"Bado!" akalia. "Nimeleta mpya, anaitika mzee!"

"Sasa unao wawili, na ukiita jina anaitika aliye karibu na mlango. Fungua orodha ya njia, ile ya mashine kutafutia programu. Mstari wa mpya upandishe juu ya mstari wa mzee. Funga dirisha, fungua jingine, uliza tena."

Ndipo Saady bin Lukmani akaushika mstari kwa kipanya kama mtu abebaye yai la mwisho la kijiji, akaupandisha nafasi moja. Akafunga. Akafungua. Akauliza. Na mashine ikajibu, bila tarumbeta wala ngoma: 3.12.

"Nimemshusha mzee!" akapiga ukelele. "Nimemshusha mzee!"

"Mzee gani tena, yarabi?" Bi Kuruthumu akaingia mbio na mchi mkononi, akakuta mwanawe anabubujikwa machozi mbele ya tarakimu tatu.

Vifaa vikasakinishwa, programu ikaamka. Lakini Akimana alikuwa bado kwenye simu.

"Jumamosi utakuja Mabamba," akasema. "Yale uliyomwambia Mama Immakulata, utayarudisha mwenyewe."

Jumamosi akaenda. Maharage yalikuwa yameanikwa juu ya mikeka pande zote za barabara, na harufu ya uvundo ilimpokea kabla ya watu. Akasimama, akalainisha koo.

"Ndugu wakulima, kufuatia changamoto za kiufundi zilizojitokeza…"

"Changamoto ina jina?" akauliza Mama Immakulata.

Shujaa akatazama viatu vyake. "Jina lake Saady."

"Walio nyuma hawajasikia," akasema Akimana.

"Saady! Akimana hakukosea kitu. Niliandikiwa nikashindwa kusoma, nikamsingizia. Na lile neno la watu wa kuja nililitoa mimi, kwa aibu yangu. Nisameheni."

Hakuna aliyempigia makofi. Akimana alimpa ungo, akamwonyesha mkeka, na Mwenye Stashahada akapiga magoti kuchambua mazima na yaliyooza, na yaliyooza yalikuwa mengi. Alikuwa hajafika nusu ya mkeka simu zilipolia kwa pamoja barabara nzima: lori limetoka Kibondo. Watu wakainuka, wakajitwisha magunia yaliyosalia, wakampita kulia na kushoto kama kisiki cha njiani.

Na itangazwe basi, toka Kitanga hadi Gwarama, kwamba katika zama zetu alitokea mwanamume aliyepandisha mstari mmoja juu ya mwingine. Historia na imhifadhi Saady bin Lukmani, maana maharage hayakuhifadhika.