Hewa Kwenye Bomba la Dharura

Jumapili, 10 Agosti 2025

Leo nimetoa shukrani kanisani. Nilisimama mbele, nikashika maikrofoni, nikamshukuru Mungu kwa kunipa cheo cha mkuu wa mafunzo kazini. Makofi. Vigelegele. Mama mmoja alitoa machozi.

Ni kweli cheo chenyewe bado sijapewa. Jambo dogo. Bosi wetu, Mama Glenys, alisema kitatolewa Ijumaa, baada ya ziara ya wageni. Lakini mwenye imani hushukuru mapema. Na kwani nani mwingine yupo? Wakufunzi tuko wawili tu, mimi na Kawira, yule Mkenya, ambaye amekuja juzijuzi na tayari ana kiti cha ofisini chenye magurudumu.

Kawira anaimba kwaya hapo hapo kanisani kwetu. Alikuwa mstari wa mbele. Alipiga makofi! Kwa utulivu kabisa, huku ananitazama. Sijawahi kufanyiwa dharau ya namna ile.

Kisha Mchungaji Égide akaharibu. Akatangaza kwamba Jumapili ijayo kanisa zima litakuja kwangu na ngoma, tule chakula cha shukrani, maana baraka ya Mrundi mmoja ni ya Warundi wote na hata Wakenya waalikwe. Ndani ya gari mke wangu Fébronie aliniuliza kama nimepewa barua ya cheo. Nikamwambia barua ni karatasi tu. Hakusema neno mpaka tukafika nyumbani Cabramatta. Fébronie akinyamaza, nyumba hupoa, na huku kusini mwa dunia Agosti tayari ni mwezi wa baridi.

Jumatatu, 11 Agosti

Watu wa kanisani hawachoki kuniuliza: Rénovat, nchi hii haina hata kituo kimoja cha umeme wa nyuklia, sasa wewe unamfundisha nani? Nawafundisha wageni! Wahandisi wa nchi zenye vituo huja kwenye karakana yetu Villawood, nasi tunawaonyesha mfano wa mfumo wa kupoza wa dharura. Tangi, pampu na mabomba. Mengine ya plastiki angavu ili maji yaonekane, mengine ya chuma.

Niueleze hapa, ili siku nikifa ijulikane nani alikuwa anaelewa. Bomba la dharura halina kazi mwaka mzima. Limejaa maji, linangoja. Siku mfumo wa kawaida ukigoma, pampu inawashwa, maji yanakimbilia kwenye kinu cha nyuklia kabla hakijaungua. Lakini kama hewa imejikusanya humo bombani, kwenye vipindo vya juu, pale bomba linapojikunja, pampu inameza hewa badala ya maji. Inazunguka bure, na kinu kinazidi kupata moto. Ndiyo maana kila kipindo cha juu kina valvu ndogo ya kutolea hewa. Unapima, unafungua, unaiacha itoke mpaka maji yaje bila mapovu, unafunga. Kazi yangu ni hiyo na naipenda kuliko watu wanavyodhani.

Leo nimekuta Kawira amezungushia utepe wa njano kila kipindo cha juu. Bila kuniuliza. Wazo hilo lilikuwa langu! Sikuwa nimelisema, lakini nilikuwa nalo.

Nikaamua kumlainisha bosi. Nilimpelekea sambusa za Fébronie. Akashukuru, akasema ngano inamdhuru tumbo, kisha akaniomba kwa mara nyingine nisimwite Mama. Sasa nimwiteje? Mtu ana wajukuu! Nimwite Glenys tu, kama mtoto wa jirani? Punde akapita Kawira na nduma za kuchemsha, yale magimbi ya kwao. Nduma hazina ngano. Glenys akala, akaongeza. Sambusa zangu zimeliwa na dereva wa vifurushi.

Jumanne, 12 Agosti

Kawira kaleta utaratibu mpya. Kila kabla ya kuwasha pampu, tupite kipindo kwa kipindo na kile kifaa cha mawimbi ya sauti, kinachosikiliza kama ndani ya chuma kuna maji au kuna hewa. Hata kama tulipima jana. Nikamwambia tulipima Ijumaa na tangu Ijumaa hakuna aliyegusa kitu.

Akanijibu mbele ya Glenys, na hakupandisha hata sauti: "Lakini kaka, hewa haina wikendi."

Halafu akaanza kueleza. Eti maji yenyewe hubeba hewa na kuiachia shinikizo likishuka. Eti gesi inaweza kuvuja polepole kutoka kwenye tangi la jirani. Ananieleza mimi! Mambo hayo nilikuwa nayafundisha yeye akiwa bado Meru anakunywa uji. Nilichosema mimi ni kuhusu kuokoa muda, na mtu yeyote mwenye nia njema angeelewa. Glenys alitikisa kichwa kukubali, akimtazama yeye.

Usiku huu nimefikiri hivi. Atakayegundua hewa iliyofichika, mbele ya wageni, ndiye mkuu wa mafunzo. Hilo halina ubishi. Kawira atapima hadharani, atasema mabomba yote yamejaa maji, halafu mimi nitanyanyua mkono, niseme subirini, kuna kitu nakishuku. Nitapanda ngazi na kuipata.

Tatizo ni moja. Lazima hewa iwepo.

Alhamisi, 14 Agosti

Nimefanya. Asubuhi Kawira alipima, kote maji. Mchana akaenda kula, Glenys akawa kwenye simu. Nikatoa pampu ya baiskeli ya binti yangu Ikirezi. Nilichagua kipindo cha nyuma kabisa, cha chuma, kilicho karibu na paa, ambacho hakuna anayekipenda kwa sababu ya ngazi. Nikafungua kidogo valvu ya chini ili maji yapishe, nikaunganisha pampu juu, nikaanza kupiga.

Sikufikiria ndoo. Maji yaliyopisha yalipishia kwenye viatu vyangu. Maji ya Agosti! Nimeshinda alasiri nzima na soksi zilizolowa, na vidole sikuwa navisikia. Kawira akaniuliza vipi viatu. Nikamwambia mvua. Akatazama dirishani, jua lilikuwa linawaka, akasema pole. Hiyo pole yake ilikuwa na kitu ndani.

Nyumbani nako moto. Kina mama wa kanisa wameshagawana vyakula, nani alete maharage, nani ndizi, nani mchele. Kwaya imetunga wimbo wenye jina langu. Fébronie amenunua mbuzi. Aliniuliza tena, safari hii polepole, kama nina uhakika. Nikamwambia kesho saa nane atakuwa anazungumza na mkuu wa mafunzo. Akasema angependa sana kukutana naye.

Ijumaa, 15 Agosti

Sitaki kuandika. Naandika kwa hasira.

Wageni walikuja, wamevaa kofia ngumu, wameshika kalamu. Mambo yalianza vizuri. Kabla Kawira hajaanza kupima, niliona nisingoje asije akaipata yeye, nikanyanyua mkono. Nikasema: subirini. Wote wakageuka. Nikasema uzoefu unaniambia kuna hewa kwenye bomba la nyuma. Nikapanda ngazi taratibu ili waone vizuri. Nikaweka kifaa kwenye chuma. Maji. Nikasogeza. Maji. Nikasema kifaa kina kasoro, nikafungua valvu kwa mkono wangu mwenyewe.

Yakatoka maji. Safi, bila povu hata moja, moja kwa moja kwenye koti la mkuu wa msafara.

Bomba lile la nyuma, jamani, lina mwinuko kidogo kuelekea mbele. Hewa haikai ulipoiweka. Hutambaa usiku kucha mpaka ifike palipo juu zaidi. Mimi mwenyewe hufundisha hivyo kila kozi, nina mchoro wake! Na palipo juu zaidi ni kile kipindo cha mbele, chenye utepe wa njano, kando ya jukwaa alikosimama Kawira.

Akasema kwa upole tuendelee na utaratibu wa kawaida. Akapima pale. Kifaa kikaonyesha hewa, tena tele. Akafungua valvu, ikalia fsss mpaka wageni wakatoa simu wapige video. Kisha mapovu, kisha maji. Akawaambia hii ndiyo sababu hatuamini kipimo cha jana. Wakampigia makofi. Halafu, na hili sitalisahau, akanishukuru! Akasema kaka Rénovat ndiye wa kwanza kushuku. Mbele za watu! Ni heri angenitukana, ningejua la kufanya.

Chai haijapoa, Glenys akampa cheo.

Kisha Glenys akauliza hewa yote ile imetoka wapi, maana si kawaida. Akataka mtu aichunguze mpaka aipate. Akanipa mimi kazi hiyo.

Jumamosi, 16 Agosti

Fébronie sijamwambia. Anakatakata vitunguu na mimi nampisha.

Mpango wa leo ulikuwa wa kuzuia karamu. Nilimpigia simu Mchungaji Égide, nikakohoa vizuri, nikamwambia nimeshikwa na mafua makali yanayoambukiza, afadhali tuahirishe. Kisha akasema: "Pole sana, ndugu yangu. Basi tutakuja wote kukuombea." Na kwa kuwa sasa kuna mgonjwa, atawaita na wale wa ibada ya Kifaransa.

Nimeishi na Warundi maisha yangu yote! Kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania mtu akiumwa kichwa alijaziwa watu hadi mlangoni. Nilikuwa nafikiri nini? Lakini kosa ni la mchungaji. Mtu mzima anatakiwa kujua maana ya neno kuambukiza.

Jumapili, 17 Agosti

Wamekuja. Ngoma, masufuria, Fanta, watoto kwenye ngazi, jirani Mvietinamu akachungulia akapewa sahani. Mikono ikawekwa kichwani kwangu kwa ajili ya mafua. Kisha kwaya ikaimba wimbo wangu. Kawira naye aliimba, sauti ya pili, bila kukosea jina.

Kabla ya chakula nilimkuta barazani na Ikirezi. Alikuwa anamrudishia pampu ya baiskeli. Akasema aliiokota nyuma ya tangi kazini, ina jina la mtoto kwa kalamu nyekundu. Ikirezi akaniuliza ilikuwa inafanya nini kule: "Dad, what was it doing there?" Nikamwambia aulize kwa Kiswahili kama watoto wenye adabu. Kawira akaviangalia viatu vyangu. Alijua. Tangu Alhamisi alijua, na viatu aliviona, na hakumwambia Glenys wala mtu yeyote.

Mchungaji akaniita nisimame, nitoe ushuhuda wa cheo. Nikasimama. Kanisa zima, midomo tayari kwa vigelegele. Nilikohoa. Nikakohoa tena.

Fébronie akasimama, bado amefunga aproni. Akasema Mungu ametenda, ila ametenda kwa mpango wake: "Mkuu wa mafunzo ni dada Kawira, na mume wangu atakuwa msaidizi wake, na nyama ni ile ile." Kumbe Kawira alimpigia simu tangu Ijumaa, kumuuliza kama aje au asije. Fébronie alijua siku zote hizo. Alikata vitunguu vile akijua. Watu wakanitazama, kisha vigelegele vikapigwa upya, kwa Kawira, nyumbani kwangu, juu ya mbuzi wangu.

Niliona aibu. Nimeandika, basi. Fébronie alipokuja kuniongezea wali, alinishika bega, nikashindwa kumtazama.

Lakini wale wa kwaya! Waliimba wimbo tena na jina la Kawira badala ya langu, na kiongozi wao akasema, nikisikia, kwamba jina hili linakaa vizuri zaidi kwenye tuni.

Jumatatu, 18 Agosti

Nimemaliza uchunguzi. Nimemwambia Glenys kwamba sijaona uvujaji wowote, jambo ambalo ni kweli tupu. Kawira alikuwa amesimama pembeni. Akapendekeza kwamba kuanzia leo valvu zote za kutolea hewa ziwe chini yangu. Eti hakuna anayejua kama mimi jinsi hewa inavyoingia. Alisema bila kucheka. Glenys akakubali. Nimekabidhiwa funguo.

Fébronie amesema nimebahatika kuwa na bosi mwenye moyo, na kwamba mtu mwenye akili angekaa chini, ajitazame, ajue alipokosea. Safari hii nimekubaliana naye. Nimekaa chini. Nimejitazama kwa unyofu kabisa, bila kujipendelea, tangu mwanzo hadi mwisho. Na alipokosea mtu huyu nimepaona.

Hewa ilikuwa kidogo.

Ingekuwa nyingi, ingejaza kipindo cha nyuma na cha mbele, na popote ambapo ningepanda ningeipata. Pampu ya baiskeli ni kitu cha watoto. Wageni wengine wanakuja Septemba. Ng'ambo ya barabara kuna fundi matairi mwenye kompresa kubwa kama ng'ombe, naye ni mtu mwema, anapenda sambusa. Jioni hii nimeanza kumsalimia.