Malalamiko Dhidi ya Hadithi Zinazowasha Balbu

Mambrui

Kwa Mwalimu Mkuu, Bi Jedida,

Shikamoo uliyonitumia kwa mjukuu wangu Rufaida imefika. Marahaba, mwanangu. Kuna jambo nimelificha tangu nilipoanza kufundisha fizikia katika shule hiyo unayoiongoza sasa, kabla hujazaliwa. Daktari amenishauri nisianze kusoma kitabu kirefu, kwa hiyo nitalitoa humu humu. Lakini malalamiko kwanza.

Ijumaa bodi yako inaamua kama Mwalimu Mueni aendelee kufundisha umeme kwa hadithi au ahamishwe, nawe umeniomba ushauri kwa kuwa maabara ina jina langu. Jumanne nililetwa kwa tuktuk, nikawekewa kiti nje ya dirisha la darasa lake. Malalamiko yangu ni haya.

1. Aliingia akapaza sauti, "Paukwa!" Darasa zima likaitika, "Pakawa!" Kisha akawakataza kuitika, akaita tena. Kimya. "Mnaona? Asiyeitikiwa hasimulii. Waya ukikatika, umeme hausogei hata hatua moja." Bi Jedida, hilo ni somo au ni baraza?

2. Akasema volteji ni hamu ya msimuliaji, na ukinzani ni yule bibi anayekatiza kila sentensi: "Mfalme huyo wa wapi? Mamake nani?" Hadithi hupungua kasi, na bibi mwenyewe hupata moto. Watoto walicheka! Darasani kwangu hakuna aliyewahi kucheka. Palikuwa na utulivu wa matangani.

3. Maradhi haya yameingia hadi nyumbani. Redio yangu ilinyamaza, Rufaida akaifungua. "Babu, betri hii umeigeuza. Haimwitikii mwenzake." Akaiweka sawa, redio ikasema, na fundi Odera yuko njiani anakuja! Odera huja, hutikisa kichwa, hunywa chai, kisha tunacheza bao hadi alasiri. Sasa nitacheza na nani?

4. Katika mtihani wa majaribio, wanafunzi thelathini na wanane kati ya arobaini na mmoja wamefaulu umeme. Enzi zangu walifaulu wanne, wakapokewa mjini kama mahujaji. Wote wakielewa, nani atamheshimu nani?

5. Ikiwa hadithi yaweza kuwasha balbu, basi kila bibi mwenye wajukuu, toka hapa hadi Vitengeni, aombe kibali cha wizara kabla ya kusimulia. Hatujui anasambaza volti ngapi.

Kwa hayo, naomba kwa heshima zote Mwalimu Mueni azuiwe mara moja, na irudishwe njia yangu: ubao, kanuni, na kukariri kwa pamoja mpaka kengele ilie.

Nisalimie walimu wote, mpishi, bawabu, na wewe mwenyewe, uliyepata alama tatu katika umeme wangu na bado ukawa mwalimu mkuu.

Wako katika elimu na katika vidonge vya kila baada ya saa sita,

Mwalimu Stambuli Zaid

Baada ya sahihi: Bodi isomewe sehemu hii peke yake. Mwanafunzi aliponiuliza kwa nini waya ukikatwa upande mmoja balbu ya upande wa pili huzimika, nilimtuma akalete chaki. Niliagiza chaki nyingi sana, mwanangu. Kanuni nilizikariri kama wao, nikiogopa atakayeuliza mara ya pili. Mueni asihamishwe, na maabara ipeni jina lake. Nimefundisha umeme miaka thelathini na mmoja, na nimeuelewa Jumanne.