Jinsi Mpira wa Parokia Ulivyorudi kutoka Zambia

Nyamazeni, enyi watu wa Bel-Air, nanyi wa Kipushi mnaolala Zaire huku moshi wa jiko lenu ukielekea Zambia! Wekeni chupa chini, zimeni redio, kwa maana nasimulia vita ambavyo hakuna mfalme aliyevitangaza wala askari aliyekufa, lakini aibu yake ingetosha kufunika majeshi mawili na bado ikabaki ya kugawia majirani.

Ulikuwa mwaka wa sabini na nne. Mwezi wa tatu tulikuwa tumewapiga Wazambia na kulileta kombe la Afrika nyumbani, tukacheza barabarani hadi viatu vikaisha soli. Mwezi wa sita tukaenda Ulaya kwenye Kombe la Dunia, Yugoslavia ikatufunga tisa, na mji mzima ukaugua ugonjwa wa kutazama chini.

Hapo ndipo alipoinuka Mwenze, simba wa mtaa wa Bel-Air, fundi wa mitambo katika kiwanda cha shaba, bingwa ambaye hakuwa amegusa mpira tangu avunjike kidole gumba cha mguu mwaka wa sitini na moja. Aliinuka katika baa ya Mama Chileshe Jumapili baada ya misa, akafunga kifungo cha juu cha koti lake la abakosti, akanena kama anayehutubia raia wa taifa zima:

"Basitwayen! Zaire peke yake inafungwa. Zambia peke yake haifike hata kule. Tuunganishe timu zote mbili, ikuwe moja! Shaba iko moja chini ya udongo, juu ya nini timu ikuwe mbili?"

Baa ikanguruma kwa shangwe, maana hakuna hoja iliyo dhaifu mbele ya chupa ya tatu. Kisha akasimama shemeji yake Mukuka, Mzambia, mfalme wa biashara ya sukari na sabuni, aliyemwoa Albertine, dada pekee wa Mwenze, na kuishi naye ng'ambo ya mpaka.

"Shemeki, umesema muzuri sana," akasema Mukuka. "Lakini kipa atatoka kwetu. Kipa wenu anajua tu kuokota mipira mu wavu."

"Na ile mibili ya mwezi wa tatu," Mwenze akamjibu, "aliokota nani? Mama yangu?"

Basi umoja wa mataifa ukadumu muda wa kumeza mate. Wakagombania kipa, wakagombania kapteni, wakagombania kombe lingelala mji gani, kombe ambalo hakuna aliyekuwa amelishinda bado. Jua liliposhuka wakaafikiana kufanya jaribio: Jumapili ifuatayo, Wazaire sita na Wazambia watano wangeshuka uwanjani kama jeshi moja dhidi ya wanakwaya wa parokia.

Wanakwaya ndio waliouleta mpira, kwa sababu majemadari wetu, katika kugawana vyeo, hawakukumbuka kwamba kandanda huhitaji kitu hicho. Ulikuwa mpira wa ngozi wenye viraka viwili, na parokia haikuwa na mwingine.

Uwanja ulikuwa karibu na Kipushi, majani makavu na vumbi jekundu, hatua thelathini kutoka kwenye waya wa mpaka, na katekista wa parokia ndiye aliyekuwa refa. Na jeshi la umoja lilipigana namna gani? Mzaire alimpasia Mzaire, Mzambia akampasia Mzambia, na pale ambapo hakumwona ndugu yake aliupiga mpira nje kwa heshima ya bendera. Waimbaji wa sauti ya nne, watu wenye vitambi na miwani, wakafunga bao la kwanza, la pili, la tatu na la nne. Ndipo Mwenze, mlinzi wa kulia, akakusanya hasira ya mababu zake wote katika mguu mmoja na kuupiga mpira. Nao ukapaa juu ya goli, juu ya waya, ukatua Zambia mbele ya kibanda cha ofisa wa forodha.

Ofisa akauokota, akauweka mezani kando ya muhuri wake.

Mwenze na Mukuka walipofika wakihema, akatoa fomu na kuuliza swali ambalo wahenga wote wa Bel-Air hawakuwa wamelijibu:

"Hii mupira iko ya inchi gani?"

"Ya Zaire!" akapiga kelele Mwenze, nabii wa umoja.

"Imetua kwetu, iko ya Zambia!" akapiga kelele Mukuka.

Hotuba zikaanza. Mwenze alitaja kombe la Cairo, Mukuka akataja mabao tisa, ofisa akataja kifungu cha sheria. Saa nzima ikapita. Mwishowe Mukuka, povu mdomoni, akaapa: "Albertine hatapita tena huu mupaka! Mama yenu abaki na ninyi!"

Watu waliokuwa wakicheka wakageuka kumtazama Albertine. Mama wa Mwenze na Albertine alikuwa Bel-Air, miguu imevimba, hawezi kusimama, na kila Jumamosi Albertine alivuka mpaka kwenda kumwosha.

Albertine alikuwa kando ya uwanja na wake wa wanakwaya. Alikisikia kiapo kile. Alikung'uta vumbi kwenye kikwembe chake cha kitenge, akampita Kapya, mlinzi wa kizuizi, akaingia kibandani. Wale wanaume watatu walikuwa wameinamia fomu. Akauchukua mpira, akauweka mgongoni, akaufunga kwa kikwembe, fundo la mama wa watoto watano, akatoka akitembea polepole na kujipigapiga mgongoni.

Kapya akamtazama. "Mayo, mama yangu," akasema, "umepita hapa sasa hivi mugongo wazi."

"Ndiyo, tata," Albertine akajibu. "Banaume bakasema saa muzima. Miye nikazala."

Kapya akauma midomo. "Na mutoto, jina yake nani?"

"Hana jina. Baba zake bawili bangali banagombana."

Kapya akacheka hadi kofia ikaanguka, akainua mti wa kizuizi kwa mikono miwili kama anayempitisha malkia. Mukuka akatoka mbio, ofisa nyuma yake na fomu; lakini Albertine alikuwa amekwisha kuingia Zaire, akageuka.

"Mukuka! Jumamosi nitaenda kwa mama. Na Jumamosi ingine. Timu muunganishe, muache, miye siko ndani. Umesikia?"

Mukuka akatazama watu mia moja waliokuwa wakimtazama. "Nimesikia," akasema, kwa sauti ndogo kuliko ile ya kiapo chake.

Haya, wenye kalamu na waandike! Siku hiyo mwanamke mmoja alifanya kwa kipande cha kitambaa yale ambayo mataifa mawili hayakuyaweza kwa midomo yote. Wanakwaya wakamwimbia sauti nne kama wanavyoimba Pasaka, kisha wakaendelea na mchezo na kufunga matatu mengine. Saba kwa bila. Na jioni majemadari wetu, Mzaire na Mzambia, wakaketi meza moja katika baa ya Mama Chileshe, na kwa mara ya kwanza tangu dunia iumbwe wakaungana kikamilifu, kwa kauli moja na bila masharti: refa alikuwa mbaya.