Magugu Yaliyohamia Chumba cha Binti Yangu

Kwa Mkurugenzi,
Kituo cha Utafiti wa Mimea.

KUHUSU: OMBI LA KUONDOLEWA KWA MICHE NYUMBANI KWANGU, PAMOJA NA JOTO LAKE

Ndugu Mkurugenzi,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, umekaa kwenye kiti chako cha kuzunguka na kipoza hewa kinakupuliza. Mimi pia ni mzima, ila sina pa kukaa. Ndiyo sababu ya kukuandikia.

Mimi ni fundi cherehani, na ni mke wa mtafiti wako wa miche, yule mrefu mwenye udongo kwenye kola. Hapa mtaani wanamwita Daktari wa Magugu, naye huitika kwa furaha. Umeme wa banda lenu la miche ulipoungua, wewe uliwaagiza watafiti kila mmoja aihifadhi miche yake kwa muda. Wenzake waliipeleka ofisini. Wangu, kwa kuwa Mungu alimnyima hila, aliileta nyumbani akaipanga katika chumba cha binti yetu, trei kwa trei, chini ya taa nyekundu za joto. Trei nyingine aliziweka barazani, kwenye hali ya hewa ya kawaida.

Nilipouliza, alinieleza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeleta habari za msiba, kwamba dunia inazidi kupata joto. Anataka kujua ni miche ipi itakayofaidi joto hilo: ya gugu vamizi lililoletwa kutoka mbali, au ya miti yetu ya asili. Nikasema haya. Nilidhani ni jambo la kupita. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe ninalo, Ndugu Mkurugenzi, ila mume wangu amelificha.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Binti yetu ni mjamzito, mimba yake ya kwanza, na mumewe yuko safarini kikazi. Anakuja kujifungulia karibu na mimi mama yake. Chumba chake sasa hakina nafasi hata ya kuvulia kandambili. Kitanda kimesimamishwa ukutani kama mwanafunzi aliyeadhibiwa. Nikimuuliza mume wangu mtoto wako atalala wapi, ananijibu tutaona, mama, tutaona. Tutaona nini? Mimba haingoji ripoti! Hili ndilo linaloniuma. Mengine yote ni nyongeza, lakini nitayasema kwa sababu nimeshakaa.

2. Mume wangu ameipoteza rula yake humo humo kwenye majani, na sasa anapimia miche futi yangu ya kupimia wateja. Juzi bibi harusi mtarajiwa alikuja kupimwa gauni. Nikamzungushia futi kiunoni, ikamwachia mstari wa tope, mstari ulionyooka kweli kweli, siwezi kuukosoa. Alikuwa amevaa nyeupe. Aliyoyasema mama yake hayaandikiki kwenye barua ya heshima.

3. Mume wangu akiamka asubuhi, kabla hajanijulia hali, anakwenda kule chumbani. Namsikia akilisifu gugu: umeongezeka, bwana wee, umeongezeka! Mimi nami nimeongezeka tangu tuoane, na sijawahi kusifiwa.

4. Hapa ndipo damu inaponichemka. (Nitawaita kama watu, unisamehe, nimeishi nao.) Kule barazani, gugu na mche wa asili wanakwenda pamoja bila makuu, leo huyu mbele kidogo, kesho yule. Lakini ingia chumbani uone maajabu. Chini ya taa, gugu aliota wenzake wakiwa bado hawajageuka usingizini. Akatandaza majani, akanywa maji, akamwegemea jirani yake na kumzibia mwanga. Mche wa asili naye ameota, sitasema uongo, joto halikumuua. Ila ana taratibu zake: anatoa jani moja, anafikiri, halafu ndipo anatoa la pili. Alipoinua kichwa, nafasi ilikuwa imekwisha. Udongo ule ule, maji yale yale, taa zile zile! Nikamwambia mume wangu awagombeze. Akasema kazi yake ni kutazama, si kuamua ugomvi. Nilipojaribu kumng'oa gugu mmoja tu, tena kwa adabu, mume wangu alipiga ukelele hadi jirani yetu wa ukuta mmoja akaja mbio na mwiko mkononi, akidhani kuna mtu anauawa. Nilipomweleza kuwa ni gugu, alimtazama mume wangu, akanitazama mimi, akarudi kwenye sufuria yake.

5. Sasa gugu ametoka kwenye trei na kushika pazia. Pazia nililolishona mwenyewe, lenye marinda.

Kwa hiyo naomba yafuatayo. Kwanza, uiandikie ofisi inayohusika na joto la dunia ilipunguze. Najua si idara yako, lakini ninyi mna karatasi zenye nembo, na barua yenye nembo husomwa. Pili, kama joto halina ofisi, tuma gari Jumamosi asubuhi libebe miche yote, taa zote, na ikibidi mume wangu, naye ameshazoea kukaa karibu nayo. Tatu, kituo kitangaze kanuni, na mimi niko tayari kuitarizi kwenye kitambaa na kuitundika mlangoni: kiumbe yeyote atakayefika bila kutarajiwa, mikono mitupu, akadai joto, akanywa kabla ya wenyeji, akajitwalia chumba kizuri kuliko vyote na kunenepa kila siku huku wenye nyumba wakikonda, aondolewe kabla jua halijazama. Asionewe huruma, hata awe mzuri namna gani. Huruma ndiyo iliyotufikisha hapa.

Nisalimie katibu wako, mlinzi wa getini ambaye humrudishia mume wangu miavuli anayoisahau, dereva atakayekuja Jumamosi, na watafiti wote waliokuwa na akili ya kupeleka miche yao ofisini. Wake zao wasalimie mara mbili, waambie wamebahatika.

Ni mimi, mwenye nyumba asiye na nafasi,
Fundi cherehani, mke wa mtafiti wako.

Tanbihi: Barua hii ilikuwa mezani ikingoja bahasha nilipoitwa hospitali mbio. Binti yangu amejifungua kabla ya wakati wake. Wote ni wazima, na mimi nimelia mpaka wauguzi wakanicheka. Ni msichana, mdogo, anaenea kwenye viganja vyangu viwili, lakini sauti anayo. Leo wameruhusiwa kurudi nyumbani, na muuguzi amesisitiza kwamba mtoto akae mahali penye joto lisilopanda wala kushuka. Ndugu Mkurugenzi, katika nyumba hii mahali hapo ni chumbani kule tu, chini ya taa za miche. Tumelaza kitanda chini, trei tumezisogeza ukutani, na gugu nimemfungua mwenyewe kwenye pazia, polepole asikatike, maana miche ikiondoka na taa zitaondoka. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa hiyo gari lisije Jumamosi hii, wala nyingine yoyote mpaka nitakapokuandikia, na ile kanuni naomba uichane. Ningeandika barua upya, ila mkono mmoja umembeba mtu. Tafadhali tuma taa nyingine leo leo, kwa sababu moja imeanza kupepesa na mtoto ndiyo kwanza amelala.