Kesi ya Jogoo Kanali

Jumatatu, 6 Mei
Hati ya kuitwa mahakamani imebandikwa mlangoni! Alhamisi! Eti sheria ya mji wetu hairuhusu jogoo. Nikishindwa, Kanali anaondoka. Tangu mke wangu Verna ahamie kwa dada yake Indiana, humu ndani anayenijibu nikisema ni Kanali peke yake. Mshitaki ni jirani, Bi. Hatch, dereva mstaafu wa basi la shule, aliyezoea kufokea watu bila kugeuza shingo. Wakili wa nini? Ninayo Katiba ya Marekani, ile ndogo ya mfukoni niliyopewa bure kwenye maonyesho ya kilimo. Katiba ndiyo mama wa sheria zote. Bi. Hatch, kwisha habari yake!

Jumanne, 7 Mei
Sijalala. Nimeisoma Katiba yote. Kuku hawatajwi. Ila uhuru wa kusema umo! Kuwika si kusema? Nikampigia shemeji yangu Orville. Akacheka mpaka akapaliwa. Akauliza kama Kanali ni raia, na kama ameshajiandikisha kupiga kura. Mshenzi. Lakini akasema jimbo linawalinda wakulima, na sheria ya jimbo inaishinda ya mji. Jioni nimepanda nyanya kwenye ndoo tatu. Mimi ni mkulima! Bi. Hatch akachungulia juu ya ua, akauliza shamba hilo litavunwa kwa trekta gani. Nikazimwagilia maji ndoo zangu.

Jumatano, 8 Mei
Sheria ya jimbo inataka ekari kumi. Nina ndoo tatu. Nimekimbilia maktaba. Bibie wa pale akanieleza kwamba majaji wetu hufuata hukumu zilizotangulia. Aliyeshinda jana humfungulia njia wa leo. Tukapekua. Nikaipata! Mtu wa Nebraska, jogoo, jirani mnoko, na kashinda! Bibie akanishauri nisome mbele kidogo. Nikamwambia asinitie mkosi. Nimenakili ukurasa ule tu. Tai nimeipiga pasi mara mbili.

Alhamisi, 9 Mei
Nimeangamia. Nikaipunga Katiba, jaji akavumilia. Nikamsomea ya Nebraska kwa sauti ya kutikisa madirisha. Akauliza kwa upole, Bwana Stroud, ukurasa unaofuata umeuona? Sikuuona. Mahakama ya juu ya huko iliifuta hukumu ile. Tena, akasema, hapa ni Ohio. Ya Nebraska hayamfungi yeye. Nyuma yangu Bi. Hatch akachekea puani. Jaji akaniambia niende baraza la mji: ndio walioitunga sheria, ndio wa kuibadili. Linakutana mwezi ujao. Kanali aondoke Jumamosi.

Jumamosi, 11 Mei
Orville amemchukua Kanali, amempeleka shambani kwake, nje ya mipaka ya mji. Aliwika garini mpaka kwenye kona. Bi. Hatch akaniletea pai ya cheri, akasema pole, na kwamba barazani ataniunga mkono, mradi jogoo afungiwe hadi saa moja asubuhi. Nimeila pai nikilia. Mtu mzima! Nyumba kimya, inatisha.

Lakini nani angoje mwezi mzima? Nimeishika sheria ya mji mwenyewe, nikaisoma kwa makini. Imekataza jogoo. Tausi hatajwi! Kuna mtu anauza mmoja kaunti ya jirani. Sauti yake, anasema, inasikika maili nzima. Analetwa kesho. Ukurasa wa pili wa sheria una herufi ndogo mno, nimeuacha.